Babu na Bibi Wanasahau: Wakae Wapi, na Nani?

Kuna nyumba moja Barabara ya 12, hapa Ngamiani, Tanga, ambayo kwa miezi minne ilikuwa na kikao cha familia kila Jumapili baada ya alasiri. Mwenye nyumba alikuwa karani mstaafu wa reli, miaka 79. Alianza kuamka saa tisa usiku, kuvaa shati jeupe na kutoka kwenda kazini, kazi ambayo aliiacha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mkewe alimfuata hadi kona, akamrudisha kwa maneno laini. Kikao kilikuwa kinajadili nani amchukue baba. Jumapili ya tatu binti mmoja aliingia stoo kutafuta ungo, akakuta mifuko 17 ya sukari, kilo moja moja, haijafunguliwa hata mmoja. Mama alikuwa akienda dukani kila asubuhi kununua sukari kwa sababu "imekwisha". Kikao kikaanza upya. Mgonjwa hakuwa mmoja.

Nilikuwemo kama jirani, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kunywa kahawa na kunyamaza. Uamuzi uliokaribia kupita ulikuwa huu: baba aende Dar kwa mtoto wa kwanza, mama abaki Tanga kwa binti yake wa Makorora. Ndivyo wengi tufanyavyo, tena kwa nia njema. Hakuna aliyeona kwamba wanaivunja ndoa ya miaka 51, mpaka mjomba wao, mtu asiyependa maneno mengi, alipouliza: "Na talaka hiyo anaiandika nani?"

Tangu siku ile nimeona kwamba swali la "wakae wapi" ni furushi lenye maswali matatu ndani yake. Kuna paa: chumba, choo, mlango unaofungika. Kuna uangalizi: nani anaogesha, nani anatoa dawa, nani yuko macho saa tisa usiku. Na kuna ndoa yenyewe, wale wawili kubaki wawili. Kila namna ya makazi, iwe Tanga au London, inatoa kimoja kati ya hivyo na kukupunguzia kingine.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Mtaani tunasema "karudi utotoni", "uzee umemwingia", au kwa kunong'ona, "kuna mkono wa mtu". Hospitali wanaita demensia. Si ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo, na lililo kubwa ni Alzheimer, linalobeba visa 60 hadi 70 katika kila 100. Jingine ni lile la mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, ndugu wa kiharusi, ambalo mwenye presha na sukari asilisahau. Wala si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Yaani katika wazee 100 wa umri huo, sita au saba.

Kabla hamjagombania nyumba, wapelekeni wote wawili hospitali, kwetu ni Bombo. Si kila anayesahau ana demensia. Tezi ya shingoni ikilegea, vitamini B12 ikipungua, sonona ikimkalia mtu, damu ikivuja taratibu kichwani baada ya kuanguka bafuni, yote hayo humfanya mzee aonekane kapotea, na yana tiba. Aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, huyo apelekwe leo hii: huenda ni malaria, mkojo mchafu au dawa zilizogongana. Demensia kwa kawaida haiji kwa ghafla hivyo. Na masikio yapimwe. Nimewahi kuona mama aliyeitwa kichaa mtaa mzima, kumbe hasikii.

Sasa kwa nini kuhama kunamwumiza sana mwenye demensia? Sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya, iliyoko ndani usawa wa masikio, ndiyo Alzheimer huianza mapema. Kwa hiyo jina la mjukuu aliyezaliwa juzi halikai, wala mlo wa mchana. Lakini yale ambayo mwili umeyazoea hudumu: kushika birika, kutawadha, kutoka kitandani hadi chooni gizani bila kugusa ukuta. Mzee wa Barabara ya 12 hakumbuki amekula nini, ila miguu yake inakijua kizingiti cha uani. Mpeleke Dar, ghorofa ya pili, na hiyo ramani ya miguuni haina kazi tena, na hawezi kuchora nyingine. Ndiyo maana kama kuhama hakuepukiki, heri kufanyike mapema, angali anaweza kujifunza mlango uko wapi. Na wahame wawili. Kwa mtu aliyesahau mji, uso wa mwenzake ndio mtaa wake.

Wawili wanaosahau pamoja wana maajabu yao. Kwa muda mrefu huzibiana mapengo. Yule karani alikumbuka kwamba kuna dawa za presha, mkewe alikumbuka ziko wapi. Ukiwakuta pamoja wanaonekana wazima. Ukimwondoa mmoja, ndani ya wiki mwingine anaporomoka, na familia inasema ni huzuni. Huzuni ipo, lakini kumbe pia umeondoa nusu ya akili iliyokuwa ikiendesha ile nyumba.

Katika kila kikao cha namna hii kuna mtu hupiga simu kutoka Uingereza. Huyu alikuwa mtoto wa nne. Akasema huko wazee wana nyumba zao, kwa nini na sisi tusitafute kama hizo? Swali si la ovyo, ila "nyumba ya wazee" huko ni vitu kadhaa tofauti. Kuna fleti zenye huduma ndani yake: wenza wanapanga au wananunua, wana mlango wao, jiko lao, kitanda chao, na wahudumu wapo katika jengo hilohilo usiku na mchana. Asubuhi mhudumu anakuja kumsaidia mume kuoga wakati mke anachemsha chai. Hiyo ndiyo inayolinda ndoa kuliko nyingine. Lakini nyingi hupendelea mtu aingie ugonjwa ukiwa bado mchanga, na hali ikizidi, akaanza kutangatanga usiku au kupiga, anaweza kuambiwa ahamie kwingine. Kisha kuna vituo vya kulelea. Vyumba vya watu wawili vipo, si vingi, na serikali za mitaa hulipia mahitaji ya mgonjwa. Mwenza mzima anayetaka tu kulala karibu na mkewe hujilipia mwenyewe. Kwa sheria za England kila mmoja hupimwa fedha zake peke yake, na mwenye akiba na mali zaidi ya pauni 23,250 hujigharamia. Nyumba yao haihesabiwi maadamu mwenza bado anaishi humo. Kwa hiyo huko nako wenza hutenganishwa, ila kwa fomu badala ya kikao cha Jumapili.

Uholanzi, katika mji wa Weesp karibu na Amsterdam, wana De Hogeweyk, iliyofunguliwa mwaka 2009: kijiji kizima cha wenye demensia, nyumba za watu sita au saba, duka, mgahawa, kinyozi, njia za kutembea, na mtu hatoki nje bila kujulikana. Nilipoelezwa habari zake nilicheka kidogo. Walichokijenga kwa fedha nyingi ni mtaa. Duka linalokujua, kinyozi anayekujua, jirani anayekushika mkono na kukurudisha. Kasoro yake ni kwamba anayeingia ni yule ambaye ugonjwa umekomaa. Mwenza mzima kwa kawaida huja kama mgeni, na jioni huaga.

Tukirudi Tanga, serikali inayo makazi ya wazee Mwanzange, hapa hapa jijini, na mengine Misufini, Muheza. Hayo ni ya mzee asiyejiweza na asiye na wa kumtunza, na njia ya kufika huko inaanzia kwa mtendaji wa mtaa, kisha ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 haifichi: familia ndiyo msingi wa matunzo, makazi ya kulelea ni hatua ya mwisho kabisa. Nimeona watu wakilitaja jina la Mwanzange kama tusi, "mtanipeleka Mwanzange". Si haki. Kuna wazee pale ambao bila pale wangekuwa barazani kwa watu. Lakini kwa wenza wenye nyumba na watoto watano, si mlango wao.

Fedha nazo: Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 hupata pensheni jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa. Bara hatuna kitu kama hicho. Mzee wetu alikuwa na pensheni yake ya reli, mkewe alikuwa na wateja wa maandazi, nao walishapotea.

Baina ya Mwanzange na De Hogeweyk, basi, kuna nini? Kuna nyumba ya Kiswahili, na hapa naomba nikae kidogo, maana watu wanaidharau.

Itazameni. Baraza mbele, mlango mmoja, ukumbi mrefu ulionyooka, vyumba vitatu kila upande, mlango wa nyuma, kisha ua wenye jiko na choo. Mtu hawezi kupotea ukumbini: ni kwenda au kurudi. Kila chumba kinafungukia hapo, kwa hiyo anayechambua mchele mlango wa nyuma anaona nani katoka. Milango ya kulinda ni miwili tu. Na vyumba vya mbele vina wapangaji, yaani nyumba inajilipa. Wale wa Uingereza wanaojenga fleti zenye huduma wanatafuta hayo hayo: mlango wako mwenyewe, na mtu karibu anayesikia ukianguka.

Hatari yake kubwa ni choo cha uani. Usiku, kizingiti, ngazi moja, sakafu ya saruji iliyopakwa ikang'aa, maji ya mtu aliyeoga. Fundi alikuja siku mbili. Alibomoa kizingiti akaweka mteremko, akakwaruza sakafu ya choo isiteleze, akafunga bomba la chuma ukutani la kushikilia. Mlango wa choo ukapakwa buluu, peke yake katika ua mzima, maana mtu asiyekumbuka "choo ni cha tatu" bado anaweza kuifuata rangi. Taa ya ukumbini haizimwi usiku. Baiskeli zikaondolewa ukumbini, jambo lililoleta ugomvi kuliko mengine yote, kwa kuwa Tanga kumwambia mtu baiskeli yake ilale nje ni kumtukania ukoo. Kandambili zikatupwa, wakanunuliwa viatu vyenye kushika kisigino. Kisima kikafunikwa kwa mfuniko wa chuma na kufuli.

Jiko la mkaa likahamia chini ya ulinzi wa mtu mmoja. Watu wanaogopa moto, nao ni sawa, lakini kuna hewa ya sumu ya mkaa pia: bibi anayehisi baridi akiliingiza jiko chumbani na kufunga dirisha, hakuna moshi wa kumwamsha mtu. Bibi huyu alitaka sana kupika chai, kazi ya maisha yake. Hawakumkataza. Walimwekea chupa ya chai iliyokwishapikwa, vikombe na kisahani cha sukari, akawa anawamiminia wageni, na ukimtazama humtofautishi na mwenye nyumba yeyote.

Kioo cha kabati kilifunikwa shuka, kwa sababu mzee alikuwa akimwona humo mwanamume mgeni chumbani kwa mkewe. Na komeo la mlango wa mbele likapandishwa juu kabisa, mahali ambapo jicho halitafuti. Hilo ni tofauti na kumfungia mtu kwa kufuli kwa nje na kwenda sokoni. Moto ukizuka siku hiyo, umemfungia ndani yake. Msifanye.

Mtaa nao ukapangwa. Vijana wa bodaboda wa kona waliambiwa: ukimwona mzee na shati jeupe saa za ajabu, usimwulize anakwenda wapi, mwambie treni imechelewa, mrudishe. Namba ya simu ikashonwa ndani ya mfuko wa shati. Mwenye duka alikubali jambo ambalo nalisifia hadi leo: bibi akija kununua sukari, anauziwa, anashukuru, na jioni binti anaurudisha mfuko uleule na kuchukua fedha. Mfuko ule umenunuliwa mara nyingi kuliko bidhaa yoyote Ngamiani.

Sasa uangalizi. Mpango wa Dar haukufa kwa sababu ya ule msemo wa mjomba, ingawa tungependa kusema hivyo. Ulikufa bafuni. Mtoto wa kwanza anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa mbili usiku. Nani atamwogesha baba? Mke wake. Mkwe amwogeshe baba mkwe! Kikao kizima kiliangalia chini, na yule mkamwana alikuwepo, maskini, hakujua pa kuweka uso. Mambo haya hayaandikwi katika sera yoyote, lakini ndiyo yanayoamua. Mkipanga, anzeni na bafu: mwanamume wa kumwogesha mwanamume, mwanamke wa kumwogesha mwanamke, na isiwe mkwe. Mengine yatafuata.

Kwa hiyo mpangaji wa chumba cha mbele kulia alipomaliza kodi yake hakuongezewa. Chumba akapewa bure kijana wa ukoo, anayefanya kazi bandarini kwa zamu, kwa sharti la kulala pale na kumwogesha babu. Mwanamke wa jirani huja asubuhi mpaka adhuhuri kwa ajili ya bibi, analipwa kutokana na kodi ya vyumba viwili vilivyobaki, na watoto walioko mbali huongeza. Huyo ndiye mhudumu wa jengo, na hiyo ndiyo ada ya huduma. Tofauti ni kwamba hakuna mkataba, na hilo ni kosa. Andikeni. Kijana akioa akaondoka, mpango wote unaanguka mchana mmoja.

Pale ambapo mwenza mmoja bado mzima, na mara nyingi ni mke, kuna mtego mwingine. Familia inamhesabu kama sehemu ya nyumba. "Mama yupo." Yupo, na hajalala tangu mwezi wa Ramadhani. Nguzo ya nyumba hiyo ni mwanamke wa miaka 70 mwenye magoti mabovu. Akianguka yeye, mtawauguza wawili. Apewe usiku wa kulala, walau mara mbili kwa wiki, mtu mwingine akikesha. Na wenye mitara je? Mzee mwenye wake wawili aliyekuwa akigawa siku kwa haki sasa hajui leo ni ya nani, na kumhamisha kati ya nyumba mbili ni kumpoteza kila baada ya siku tatu. Hapo wake ndio wakae kikao, watoto watoke nje.

Sheria ina neno pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa malazi, mavazi na chakula, na inampa mke wajibu wa kumtunza mume aliyeshindwa kwa maradhi ya mwili au akili, ikiwa anao uwezo. Kifungu cha 59 kinazuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Watoto huja na wazo la "tuuze nyumba tuwatunze". Lakini aliyesahau jina lake atatoa ridhaa gani? Hati ya uwakilishi ya kawaida nayo hukoma mtoaji anapopoteza uwezo wa kuamua. Kumshika mzee kidole kwenye wino wakati hajui anachosaini ni kutafuta kesi. Njia iliyopo ni mahakama: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu kuomba msimamizi wa mali za mtu wa namna hiyo. Kuliko kufika huko, wakae mapema na wakili au kadhi, siku ambazo akili bado ni timamu, waseme nyumba iwe ya nani na chumba kiwe cha nani.

Je, kuna wakati wa kuwatenganisha? Upo. Mwaka wa pili mzee alianza kumwona mkewe usiku kama mwizi, na usiku mmoja akainua fimbo. Waligawanywa vyumba, si nyumba: yeye kushoto, bibi kulia, ukumbi katikati, milango ikitazamana. Mchana walikaa barazani mkeka mmoja. Magharibi ilipoingia, saa ambayo wengi wenye ugonjwa huu hupata kiherehere, mzee alisema anataka kwenda kwao. Mwanzoni walimjibu, "Baba, hapa ndipo kwenu," wakagombana. Baadaye kijana alijifunza kumshika mkono, wakazunguka nyumba mara moja, wakaingia kwa mlango wa nyuma. "Tumefika," anamwambia. Mzee anashukuru.

Na makazi ya wawili, siku moja yatakuwa ya mmoja. Ndilo swali ambalo hata huko Uingereza watu husahau kuuliza kabla ya kusaini fleti: mmoja akifa, au akihamishiwa kituoni, yule mwingine anabaki na mlango wake? Kwetu swali hilo hujibiwa na mirathi. Kwa mirathi ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Nyumba iliyobaki ni ya wanawe, na chumba chake kinakuwa hisani yao, isipokuwa marehemu alimwandikia hiba akiwa na akili zake na kumkabidhi.

Karani alifariki mwaka jana, kitandani mwake, chumba cha kushoto. Bibi akakaa eda mlemle ndani, miezi minne na siku kumi. Wiki ya kwanza, kila alipouliza mzee yuko wapi, binti alimwambia ukweli, na kila mara alilia kama ndiyo kwanza anaambiwa, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa anaambiwa. Mara sita, mara saba kwa siku. Wiki ya pili binti aliacha.

"Baba yenu yuko wapi?"

"Ametoka, mama."

"Kazini?"

"Kazini."

"Shati kalivaa lile jeupe?"

"Kalivaa."

Bibi anarudi kwenye chupa yake ya chai, anamimina vikombe viwili.